Msalani, Si Mswalani: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Paka Mzee na Choo Chake

Zafarani alikuwa na miaka 14 alipokojoa juu ya mswala wa mamangu. Si kando yake. Juu hasa, pale panapogusa paji la uso. Mamangu aliuinua kwa ncha za vidole viwili, akanitazama mimi badala ya paka, akasema, "Huyu wako mwambie msala uko kule." Kakangu akadakia kwamba labda mzee wa watu alisikia vibaya: kaambiwa msalani, kaenda mswalani.

Siku ile tulicheka. Wiki ya pili hakuna aliyecheka. Twafundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba paka mwenyewe si najisi, lakini mkojo wake ni habari nyingine, na katika nyumba inayoswali, paka anayekojoa ovyo haharibu harufu ya nyumba tu. Anaifanya kila nguo na kila mkeka uwe wa kutiliwa shaka.

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu jambo hili humfikiria paka aliyezaliwa ndani na kulelewa na choo cha plastiki. Paka wetu wengi wa Mombasa si hao. Zafarani alikuwa akitoka kwa dirisha la jikoni, anapita juu ya mabati ya jirani, anashuka kwenye kiwanja chenye mchanga, anamaliza haja yake na kufukia. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kujiuliza paka huyu huenda wapi. Uzee ulipomfikia, mabati yakawa mbali, ukuta ukawa mrefu, madume wa mtaani wakawa na nguvu kumshinda, na mswala ukawa karibu. Basi shika hili kabla ya lolote: paka wako hajaasi, wala hakulipizi kisasi kwa kuwa umempa mtoto wa jirani kiti chake. Amezidiwa. Kazi yako ni kukiondoa choo kule alikoshindwa kufika na kukileta alipo.

Hatua ya kwanza: soma alama kabla ya kushika ndoo

Ukikuta dimbwi, tazama kwanza ndipo usafishe. Dimbwi kubwa, jeupe kama maji, lisilo na ule ukali wa kawaida wa mkojo wa paka, linakuambia anakunywa sana, na hapo figo au kisukari yafaa vishukiwe. Matone madogo madogo hapa na pale, pengine yenye wekundu, ni ya kibofu kinachomchoma. Mkojo au kinyesi kilichoanguka hatua mbili tatu kutoka mlangoni au kutoka chooni kwake, kana kwamba alikuwa njiani akashindwa kuingia, mara nyingi ni cha maumivu ya viungo. Vipira vikavu, vigumu kama kokwa za kunazi, ni vya paka aliyefunga choo, naye huenda akakichukia choo chake kwa sababu ndipo anapoumia.

Mkojo ukiwa ukutani, juu kiasi cha kimo cha paka aliyesimama na umetiririka chini, huenda amenyunyiza kuweka mpaka: kuna paka mwingine anayemtia wasiwasi dirishani. Ila usihukumu haraka. Paka mwenye magoti na nyonga mbovu hushindwa kuchuchumaa akakojoa amesimama, na ukuta ukalowa vilevile.

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika tarehe, saa, mahali, kiasi, na kama amepata choo siku hiyo. Paka mzima hukojoa mara 2 hadi 4 kwa siku, na haja kubwa huipata karibu kila siku. Pima pia maji: mimina kiasi unachokijua asubuhi, pima kilichobaki asubuhi ya pili. Paka wa kilo 4 anayemaliza zaidi ya 200 ml kila siku, siku baada ya siku, ana sababu ya kupelekwa kwa daktari hata kama anaonekana mzima.

Kuna chombo kimoja cha kukusaidia ambacho hukitarajii: ile taa ndogo ya kukagulia noti bandia ambayo wenye maduka na mawakala wa M-Pesa huwa nayo. Zima taa zote usiku, uimulike sakafu na kuta. Mkojo uliokauka hung'aa rangi ya manjano-kijani. Baadhi ya sabuni nazo hung'aa, kwa hiyo thibitisha kwa pua. Mimi niliazima taa hiyo kwa usiku mmoja nikagundua kwamba mswala ulikuwa pahali pa tatu alipokojoa. Nyuma ya kabati la vyombo palikuwa na historia ndefu.

Jambo lisilongoja kesho

Paka, hasa dume, akichuchumaa mara kwa mara, akilia, akijilamba sehemu zake, na mkojo hautoki au yanatoka matone mawili tu, njia yake ya mkojo huenda imeziba. Hapo hakuna daftari wala dua ya kungoja mapambazuko. Sumu hurudi mwilini na paka anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke saa hiyo hiyo, iwe usiku, iwe Idi. Watu wengi huidhani hali hii ni kufunga choo, wakampa mafuta ya nazi na kulala.

Hatua ya pili: daktari kabla ya choo kipya

Najua wengi wataruka hapa, kwa sababu karai ni rahisi kulinunua kuliko kumtia paka kwenye kapu. Lakini choo kizuri hakiponyi figo.

Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na umuulize waziwazi kwenye simu: anatibu paka? Anaweza kupima damu na mkojo? Ana kipimo cha shinikizo la damu cha wanyama? Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyosikika. Shinikizo la damu humpofusha paka mzee ghafla, na paka aliyepofuka hakioni choo. Paka aliyevuka miaka 10 afaa kuonwa mara mbili kwa mwaka.

Magonjwa ya kuulizia ni machache na ya kawaida: figo kuchoka, kisukari, tezi ya shingo iliyozidisha kazi (paka anakula sana na bado anakonda), maambukizi ya kibofu, na kufunga choo. Halafu kuna lile ambalo karibu kila mtu hulikosa, nami nililikosa kwa mwaka mzima: baridi yabisi ya viungo. Uchunguzi mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulipitia picha za eksrei za paka 100 waliozidi miaka 12, na 90 kati yao walikuwa na dalili za viungo kuchakaa. Paka hachechemei kama mbuzi aliyevunjika mguu. Yeye hupunguza mambo. Haruki tena dirishani kwa pigo moja, anapitia kitini kwanza. Ngazi anazishuka kwa kituo. Manyoya ya mgongoni yanashikana kwa sababu hawezi kujipinda kujilamba, na kucha zinakuwa ndefu hadi zinanasa kwenye mkeka. Sisi tukiona hayo twasema, "Mzee katulia." Hakutulia, anaumwa.

Mrekodi kwa simu akitembea na akipanda ngazi nyumbani, kwa sababu kule kliniki atajikunja pembeni na daktari hataona kitu. Siku ya kwenda, mtie kwenye kapu lenye kifuniko, chini umetandika kanga uliyoivaa ili apate harufu ya nyumbani, na ulifunike kwa juu. Tuktuk ni afadhali kuliko matatu yenye muziki. Kama daktari anataka mkojo, mwekee choo kikavu kisafi kisicho na mchanga, au chenye vijiwe vichache vilivyooshwa sana, uuvute kwa sirinji na kuufikisha ndani ya saa chache.

Na hapa nisimame kidogo kwa sababu jambo hili laua. Muuza dawa mmoja mtaani, mtu mwema tu, alinishauri nimpe Zafarani nusu ya Panadol kwa ajili ya maungo. Usifanye hivyo kamwe. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu. Damu yake hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka rangi ya udongo, na kidonge kimoja chatosha kumwua. Brufen, diklofenaki na aspirini nazo usimpe kwa akili yako. Zipo dawa za maumivu za paka, hupimwa kwa uzito wake na hali ya figo zake, na hilo ni la daktari.

Hatua ya tatu: tengeneza choo ambacho mzee anaweza kukiingia

Vyoo vya paka vinavyouzwa madukani vingi ni vidogo na kuta zake ni ndefu pande zote. Ni vizuri kwa paka wa mwaka mmoja. Mzee anatakiwa kuinua mguu wa mbele, kisha wa nyuma unaouma, kisha ageuke ndani ya nafasi ya sinia. Mara mbili tatu atajaribu. Ya nne ataona mswala: mpana, laini, hauna ukuta.

Kanuni ya ukubwa: urefu wa choo uwe mara moja na nusu ya urefu wa paka kutoka puani hadi shina la mkia. Kwa paka wengi wetu hiyo ni karibu sentimita 70. Dumu la lita 20 lililopasuliwa, ambalo wengi hulikimbilia, ni dogo mno. Karai la mafundi wa ujenzi nalo ni la duara na kuta zake zimelala. Paka mwenye nyonga mbovu huteleza. Kilichonifaa mimi ni lile sanduku kubwa la plastiki la kuwekea nguo, lililopasuka kifuniko, la mtumba.

Fanya hivi. Lisimamishe sanduku, chagua upande mmoja mfupi, uchore kwa kalamu ya wino mzito mlango wenye upana wa sentimita 25 hivi. Kizingiti cha mlango kiwe sentimita 5 hadi 7 tu kutoka sakafuni, si zaidi. Kwa paka mgonjwa sana shuka hadi 4. Kata kwa msumeno wa chuma, taratibu, plastiki isipasuke. Watu wengine hutumia kisu kilichopashwa moto; hukata vizuri lakini moshi wake ni mbaya, fanyia nje. Piga msasa kingo zote. Kisha chukua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, upasue kwa urefu, uuvishe kwenye ukingo uliokata, na hapo hata akiburuta tumbo hatakwaruzika. Kuta nyingine tatu ziache na urefu wa sentimita 25 hadi 30, maana paka wa viungo hukojoa nusu amesimama. Zafarani alikuwa akirusha nje kila siku mpaka nilipoacha kuta ndefu nyuma.

Usitie kifuniko. Kifuniko humsitiri mwenye nyumba, si paka. Ndani joto la Kaskazi hukusanya harufu, na mzee hawezi kumwona adui anayemjia.

Chini ya choo na mbele ya mlango wake tandika kitu kisichoteleza: kipande cha zulia kuukuu, au mpira wa kutandika gari. Vigae vilivyopigwa deki ni barafu kwa paka mwenye miguu dhaifu.

Hatua ya nne: mchanga, na vitu vinavyojifanya mchanga

Mtu wa Pwani akisikia mchanga wa paka hucheka: tutanunua mchanga, sisi? Nami nilianza na ndoo ya mchanga wa ufuoni. Ni kosa. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo haukauki kabisa, na kufika mwezi wa Mei mvua ya masika ikikaza hugeuka uji. Ukitaka mchanga, nunua wa ujenzi, mwembamba, usio na kokoto. Uchekeche, uanike juani juu ya turubai siku mbili, uuhifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko. Usiuchote tu kwenye lundo lililomwagwa mtaani. Lundo hilo tayari ni choo cha paka kumi wasiokuhusu.

Maranda ya seremala ni mepesi na laini kwa miguu, nayo hupatikana bure au kwa bei ya chai. Muulize fundi kama mbao zilipakwa dawa ya mchwa. Kama zilipakwa, achana nayo. Chagua maranda yaliyojikunja, si vumbi, kwa sababu vumbi humwingia kifuani. Karatasi za gazeti zilizochanwa zinafaa kwa muda, hasa kama ana kidonda mguuni. Jivu usitumie hata kama bibi zetu walilitumia: likilowa hubabua nyayo. Chokaa ni vivyo hivyo.

Mchanga wa dukani unaoganda ukilowa ni ghali, lakini una faida moja kubwa kwa mwenye paka mgonjwa: kila mkojo hugeuka bonge, na ukubwa wa bonge hukuambia kama figo zinazidi kuchoka. Chagua usio na manukato. Ule wa punje kubwa ngumu uache, kwani kuukanyaga kwa nyayo za mzee ni kama wewe kutembea peku juu ya kokoto.

Kina kiwe sentimita 3 hadi 4. Ukijaza zaidi huzama, na kila hatua inakuwa kazi.

Hatua ya tano: wapi, na vingapi

Kanuni ya madaktari ni choo kimoja kwa kila paka, na kimoja cha ziada. Kwa mzee naongeza: kimoja kwa kila ghorofa anayoikalia. Nyumba zetu za Mji wa Kale ngazi zake zimesimama kama ngazi ya mnara na zina giza hata saa sita mchana. Zafarani alikuwa akilala juu, na choo nilikiweka uani. Hesabu ngazi 17 za kushuka na kibofu kimejaa. Nilipoweka cha pili kwenye veranda ya juu, nusu ya matatizo yalikwisha siku ile ile, na sikuwa nimefanya kitu kingine chochote.

Weka mahali patulivu lakini pasipofungika nyuma, ili aone mlango. Mbali na chakula na maji yake. Mbali na pampu ya maji na mashine ya kufulia, kwa sababu pampu ikinguruma mara moja akiwa ndani hatarudi tena. Wanaoishi kwenye fleti hupenda kuweka roshani. Sawa, ila jua la adhuhuri huchoma plastiki na mvua ya Kusi hupiga kwa upande, kwa hiyo choo kiwe kwenye kona yenye kivuli. Na kama madume wa mtaani huingia dirishani, funga ubao wa chini wa dirisha usiku. Paka aliyeviziwa chooni mara moja hukumbuka.

Hatua ya sita: kumfundisha mzee aliyezoea nje

Hapa ndipo vitabu vya watu wengine vinapotuacha. Paka wa miaka 14 ambaye hajawahi kuona choo cha ndani hufundishika, mradi usimharakishe.

Nenda kwenye kiwanja alichokuwa akitumia, chota makopo mawili ya udongo wa pale pale, pamoja na ule ulioloweshwa. Uchanganye na mchanga mpya, robo ya udongo kwa robo tatu za mchanga. Pua yake itamwambia kilichobaki. Kisha mpunguzie dunia: mweke kwenye chumba kimoja kwa siku nne tano, chakula kona hii, kitanda kona ile, choo kona ya tatu. Ondoa mazulia, mito na nguo zilizoanguka, maana chochote laini kilicho sakafuni ni mshindani wa choo.

Mpeleke chooni akiamka, nusu saa baada ya kula, na usiku kabla ya nyumba kulala. Mweke mlangoni pa choo, si ndani, umwache aingie mwenyewe. Usimshike miguu ukamchimbisha, atakiogopa. Akikosea, usimpige wala usimsugue pua kwenye mkojo. Anachojifunza hapo ni kujificha ukiwa karibu, na kesho utakuta mkojo nyuma ya kabati. Akipatia, kipande cha samaki cha ukubwa wa ukucha, pale pale.

Akikaa siku tatu bila kosa, fungua chumba cha pili. Zafarani alichukua siku 19, zikiwemo mbili za kurudi nyuma wakati mjukuu wa jirani alipokuwa akilipua fataki. Ule udongo wa kiwanjani punguza kidogo kila unapobadilisha mchanga, hadi uishe.

Chota uchafu asubuhi na jioni. Kanuni niliyojiwekea ni baada ya alfajiri na baada ya isha. Badilisha mchanga wote mara moja kwa wiki, na choo ukioshe kwa maji na sabuni laini. Mwenye mimba asiikaribie kazi hii kwa sababu ya vimelea vya toksoplasma. Kama hana budi, avae glovu na kuchota kila siku, kwani vimelea hivyo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Uchafu utie mfukoni na kwenye pipa la taka. Mchanga kwenye choo cha watu huziba bomba, na mitaro yetu yajulikana inakoishia.

Hatua ya saba: kusafisha pale palipokwisha haribika

Harufu isipotoka, atarudi. Hilo halina mjadala.

Nyonya mkojo kwa kitambaa kikavu, kwa kukandamiza bila kusugua. Mwagia maji baridi, nyonya tena. Kisha koroga sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya (soma pakiti: "enzymes") kwenye maji, loweka pahali pale robo saa, suuza. Ni vimeng'enya vinavyoumeng'enya mkojo wenyewe. Manukato huufunika tu. Vigae na plastiki unaweza kumalizia kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukisuuza. Lakini siki usiitie kwenye sakafu ya saruji, terazo wala kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa, kwani hula chokaa na kuacha vitundu vya kunywea mkojo wa kesho.

Jik na mkojo visikutane: hutoa hewa inayochoma macho na mapafu. Dettol nayo ni sumu kwa paka, naye hujilamba nyayo. Na udi, jamani. Mamangu alifukiza chetezo kizima siku tatu mfululizo. Nyumba ilinukia kama ya bwana harusi, na Zafarani alikojoa pale pale, kwa sababu pua yake ilikuwa bado inausoma mkojo chini ya moshi.

Mkeka wa ukindu uoshwe na kuanikwa juani hadi ukauke kabisa. Ukishindikana mara mbili, utupe. Godoro la sponji huchukua siku na pengine halirudi. Mswala uloweke maji baridi kwanza, usuuze kwa maji mengi, ndipo ufue. La twahara yake muulize ustadhi wako, si mimi.

Wiki zile bomba halitoi na maji ni ya mkokoteni, nilikuwa na vyoo viwili vya kubadilishana: kimoja kinatumika, kingine kimefutwa kwa gazeti na kuanikwa. Jua la Mombasa linafanya kazi ambayo madumu matatu yangefanya.

Maji na chakula, kwa ufupi

Paka wa figo anywe maji matamu, si ya kisima yenye munyu. Weka bakuli tatu nne nyumbani, pana, ili sharubu zisiguse ukingo. Kukojoa kwingi si sababu ya kumnyima maji, ukimnyima unammaliza. Supu ya samaki isiyo na chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu humwongezea maji mwilini na hulainisha choo. Vitunguu ni sumu kwa paka, basi mchuzi wa paka wa nazi ni wetu, si wake, jina lisikudanganye. Ng'onda na samaki wa chumvi wasimfikie. Maziwa huwaharisha wengi. Chakula maalumu cha figo kipo. Muulize daktari kabla ya kubadilisha.

Usiku

Baadhi ya wazee hupotewa. Anasimama kona akiutazama ukuta, analia saa tisa usiku kwa sauti ya mtoto, anasahau choo alichokitumia jioni. Kwanza apimwe shinikizo la damu na tezi, maana vyote hivyo huleta kilio kama hicho. Kisha weka taa ndogo karibu na choo, ya kuchaji au ya sola, kwa sababu stima hupotea. Usihamishe fanicha. Weka choo cha ziada mahali anapokosea zaidi, hata kama ni katikati ya ukumbi na wageni wanaona. Chini ya kitanda chake tandika zile shuka za wagonjwa zinazonyonya maji, zinazouzwa maduka ya dawa, ubadilishe kila asubuhi.

Zafarani sasa ana miaka 16. Anameza dawa zake ndani ya samaki, na daftari laonyesha makosa mawili mwezi uliopita, yote asubuhi ambazo nilichelewa kuchota. Mswala wa mamangu siku hizi hutundikwa msumarini kila amalizapo kuswali. Na ni yeye, si mimi, anayeita kutoka veranda ya juu: "We! Mzee amesimama mlangoni pa choo chake, mchanga mchafu, anakungoja wewe."